Ukiruka Jina, Anza Upya

Harufu ya majani ya matembele yaliyopondwa pamoja na makaa ya betri kuukuu: kwangu hiyo ndiyo harufu ya shule. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, wanafunzi wa zamu tulipasua betri za redio zilizokufa, tukatoa kijiti cheusi cha ndani na unga wake, tukavitwanga kwenye kinu cha kuazima pamoja na majani mabichi, kisha tukausugua ubao wa darasa kwa matambara mpaka ukawa mweusi tena kama tako la sufuria. Mikono yetu ilibaki myeusi siku mbili. Bibi yangu hakuniruhusu kushika msahafu kabla sijaiosha mara tatu kwa sabuni na majivu, na hata hivyo alikuwa akivinusa vidole vyangu kimoja kimoja, akikunja pua. Lakini Jumatatu asubuhi, chaki ya kwanza ilipogusa ubao ule, mstari wake ulikuwa mweupe kiasi kwamba hata wale wa nyuma walinyamaza kuutazama. Mwaka ninaotaka kuusimulia, mstari huo wa kwanza ulikuwa wa somo la historia.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwaka wa nne wa sekondari, katika shule moja ya Kisangani iliyokuwa karibu sana na mto. Mvua ilipokatika ghafla, tulisikia maporomoko yakinguruma upande wa juu kama lori lisilofika. Nchi ilikuwa na jina jingine wakati huo. Kwenye ratiba tulikuwa na historia saa mbili kwa wiki, jiografia saa mbili, na elimu ya uraia saa moja ya Jumamosi ambayo walimu wengi waliitumia kusahihisha madaftari. Wazazi wengi waliyaita masomo hayo matatu masomo ya mdomo. Walisema hesabu hujenga daraja na kemia hutengeneza sabuni, lakini historia haijawahi kumpikia mtu ugali. Mimi niliyapenda kuliko yote, ingawa mpaka mwaka ule nilikuwa nimefundishwa Wafarao, wafalme wa ng'ambo na vita vyao, na urefu wa mto Nili, huku mto wetu wenyewe ukipita nyuma ya ukuta wa choo cha shule bila mtu kuutaja. Mwalimu alisoma kutoka kwenye daftari lake, akasema, "Andikeni," nasi tukaandika. Lililoimliwa lilikuwa kweli. Lisiloimliwa halikuwepo.

Mwaka ule tuliletewa mwalimu mpya. Kwetu mwalimu wa sekondari huitwa prof, hata kama viatu vyake vimefungwa kwa uzi. Huyu aliitwa Prof Lotika, mtu wa Barumbu, mwembamba, Mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi, mwenye tabia ya kuzungumza akiwa ameupa mgongo ubao kama anayeulinda. Siku ya kwanza alisema programu inataka tuanze na Misri, na kwamba Misri haitakimbia. Tutaanza na bibi zetu. Halafu akatueleza jambo ambalo sijalisahau. Alisema nyumbani kwao bibi yake, kila alipogawa samaki, alitenga kipande kimoja kwa ajili ya dada yake aliyechukuliwa na watu wa bunduki wakati wote wawili wakiwa watoto wadogo. Hakuna aliyethubutu kukila kipande kile mpaka kesho yake. "Hiyo nayo ni historia," alisema, "lakini hamtaiona kwenye daftari langu, kwa sababu mimi pia nilifundishwa na watu wasioiandika." Akatupa wiki mbili. Kila mmoja alete ukoo wake umechorwa kama mti, kwenye karatasi kubwa, na asimame mbele kuueleza.

Hapa lazima niseme sisi ni nani. Sisi ni Waislamu wa hapa hapa. Wazee wetu waliushuka mto zamani za biashara ya pembe na ya watu, wakajenga nyumba zenye baraza, wakalima mpunga, wakazikana, na hawakuondoka tena. Nyumbani tulijiita waungwana, watu huru, na neno hilo lilitamkwa kidevu kikiwa juu kidogo. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo. Aliyetulea ni kaka yake, tonton Rashidi, mtoto wa kwanza wa bibi, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na soko, mtu aliyevaa futi yake ya kupimia shingoni tangu asubuhi na kuivua tu mlangoni mwa msikiti. Alikuwa mtu wa haki, hakupata kuninyima daftari. Lakini alikuwa na hadithi moja aliyoisimulia kila alipopata msikilizaji mpya: kwamba ukoo wetu wote ulitoka pwani, baba kwa baba, bila kuchanganyika. Heshima yake yote msikitini aliishona kwa uzi huo.

Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, baada ya sala ya alasiri, bibi aliwasomea wafu wetu hitima. Wanawake walikaa ndani juu ya mikeka, ubani ukifuka kwenye kigae, wali ukipoa chini ya kawa. Baada ya Kurani, bibi alikunjua karatasi ndefu iliyounganishwa vipande kwa vipande kwa uji wa muhogo, iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akasoma majina ya marehemu wa nyumba yetu, zaidi ya sitini. Yalikuwa na sheria moja. Msomaji akikatizwa au akiruka jina, hata moja, hata likiwa la mwisho kabisa, hasahihishi na kuendelea. Anarudi mwanzo. Bibi alisema aliyerukwa husikia wenzake wakiitwa na yeye anabaki amesimama, na si adabu kumsimamisha mtu mlangoni kwake. Nilimwona siku moja akirudia mara tatu kwa sababu ya kikohozi, wali ukiwa umeganda, na hakuna mwanamke aliyenyanyuka.

Basi niliposikia habari ya mti wa ukoo, nilicheka moyoni. Wenzangu watahangaika kuuliza, mimi nina karatasi tayari. Bibi huianika juani kabla ya Shaabani ili mchwa wasiifuate. Nikakaa kando yake nikijifanya nafukuza kuku, nikanakili kila jina na habari ya wakati wa kufa iliyoandikwa kando yake. Herufi zile nilizijua tangu chuo cha Kurani, kwani nilihitimu juzuu kabla sijajua kuandika Kifaransa. Nikaona jambo la ajabu: karibu nusu ya watu wale walikuwa watoto wa baba mmoja. Mabruki bin Abdallah. Salima binti Abdallah. Feruzi bin Abdallah. Tausi binti Abdallah. Zainabu binti Abdallah. Waliendelea hivyo, zaidi ya thelathini. Nilijaa fahari. Sikuwahi kusikia habari za babu huyu mkubwa, na nilidhani wazee wamemficha kwa unyenyekevu. Nilichora shina nene kama mbuyu, nikaandika ABDALLAH kwa wino mwekundu, na matawi yakatoka pande zote mpaka karatasi ikaniishia, nikaongeza nyingine.

Siku yangu ilipofika niliibandika ubaoni kwa uji wa muhogo. Prof Lotika aliikaribia, akaisoma tawi kwa tawi, halafu akauliza kwa upole, "Hadija, huyu Abdallah alikufa na miaka ngapi?"

Nikasema sijui, Prof, lakini alibarikiwa.

"Naona. Huyu mtoto wake amekufa kabla Wazungu hawajajenga hapa. Huyu amezikwa wakati mimi niko shule ya msingi. Donc, basi, alizaa kwa muda gani?"

Kavira, binti wa mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyekaa benchi la mbele, hakuweza kujizuia. "Prof, huyu hakufa! Iko kwa nyumba, anazaa hata sasa!" Darasa likapasuka. Mmoja akasema tumwombe Abdallah aje kujaza timu ya mpira. Mwingine akataka kujua kama alikuwa na mtumbwi mmoja au pirogi kumi za kubebea wake zake. Mimi pia nilikuwa karibu kucheka, mpaka sauti ikatoka nyuma, ya kijana aliyeitwa Dieudonné, ambaye hakuwa akicheka hata kidogo. "Prof, koko yangu, papa wa papa, anaijua hiyo. Ile ni watumwa ya Waarabu. Mutu wa kununua hana papa, basi wanamupatia hiyo jina."

Kicheko kilikatika kama kilichokatwa na kisu. Nilinyosha mkono kuibandua karatasi. Prof Lotika akauweka mkono wake juu yake kwanza. "Usiitoe," alisema. "Enda uulize. Ulichofanya mpaka sasa ni kunakili. Kuuliza ndiyo historia. Ninakupa mpaka Jumatatu ya wiki ijayo."

Nilirudi nyumbani mti wangu ukiwa umekunjwa kwapani, nikamkuta bibi uani akichambua mchele kwenye ungo. Sikuweza kuanza taratibu. Nilimuuliza Abdallah ni nani. Vidole vyake havikusimama, viliendelea kutenga vijiwe. "Nani amekutuma kuchungulia karatasi yangu?" aliuliza. Nikamwambia yote, mpaka kicheko cha timu ya mpira. Hapo mdomo wake ulicheza kidogo, kisha akaweka ungo chini. Aliniambia kwamba mama yake mzazi ni yule Zainabu. Aliletwa kwa pirogi akiwa na umri wa kung'oa meno ya utoto, akanunuliwa na mwenye nyumba, babu yake bibi kwa upande wa baba, ambaye naye yumo kwenye karatasi hiyo hiyo, na baadaye mtoto wa mwenye nyumba akamwoa. Baba yake Zainabu alikuwa nani, hakuna aliyemuuliza siku ya kumuuza, na alipokua na watu wakamuuliza, alikuwa amesahau. "Wote walikuwa hivyo," bibi alisema. "Walipokufa, mtu asomewe kwa jina la nani? Tukawapa Abdallah, jina la baba yake Mtume. Ili mbele ya Mungu asiitwe mtu peke yake, kama kuku aliyepotea." Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema hakuna aliyeuliza, kwani kuuliza kulikuwa mwiko wa nyumba, na kwamba yeye alikuwa akitusomea kila mwaka kwa sauti. "Kama masikio yenu yalikuwa kwenye wali, kosa ni langu?"

Hatukujua kwamba tonton Rashidi amesimama nyuma ya pazia la mlango, kalamu ya chaki ya fundi sikioni. Alitoka akiwa mtulivu, na utulivu wake ndio ulionitisha. "Bon," alisema. "Hiyo karatasi haitoki kwa hii nyumba. Siku itatoka, na wewe unatoka kwa ile shule. Nina mashine ya pili kule dukani, iko na mafuta, inakungojea." Bibi akamwambia mtoto amepewa kazi ya shule. Akajibu kwamba shule haimjui mzee wa msikiti hata mmoja. "Mama, watu watasema nini?"

"Watasema ulizaliwa na mimi," bibi alimjibu.

Alitoka bila kuaga. Nilianza kulia, na sikulia kwa ajili ya Zainabu, namwomba Mungu anisamehe. Nililia kwa ajili ya benchi langu. Niliuona mguu wangu ukikanyaga cherehani mpaka uzee, nikishona sare za wasichana wanaokwenda kusikia yale ambayo sitayasikia. Bibi aliniacha nilie mpaka nikachoka. Halafu akasema neno ambalo limenitosha maisha yangu yote: "Karatasi ameikataza, na tutamtii. Kichwa chako hakukitaja."

Kuanzia asubuhi iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, nilikaa mbele yake kama nilivyokaa nikihifadhi sura. Majina kumi kila siku, nikiyumba mbele na nyuma, yeye akichambua mchele. Wenye baba na wa Abdallah, kwa mfululizo ule ule wa karatasi, ambao ulikuwa mfululizo wa kufa kwao, mnunuzi na mnunuliwa mmoja baada ya mwingine kama walivyofukiwa. Nikiruka, kidole chake kiligonga ungo mara moja, nami nikaanza upya. Jumapili jioni nilimaliza bila kugongewa. Alinipa kipande cha mkate wa mchele, akasema sasa ninaweza kuwasahau wafalme wa Misri.

Jumatatu ile nilisimama mbele ya darasa mikono ikiwa mitupu. Prof Lotika akauliza mti wangu uko wapi. Nikasema uko nyumbani, hauna ruhusa ya kutoka, ila watu wake nimekuja nao. Kavira akaguna, "Iko nao wapi?" nami nikasema hapa, na kabla woga haujanifika nikaeleza Abdallah ni nani, na kwa nini. Nilimtazama Dieudonné. Nikamwambia koko yake amesema kweli. Nikasema mimi ni mjukuu wa aliyenunua na mjukuu wa aliyenunuliwa, na kwamba anayetaka kunitukana achague kwa lipi, maana yote mawili ninayajua kuliko yeye. Kisha nikafumba macho nusu na kuanza kuwaita.

Nilikuwa nimefika katikati nilipoona mlango umeziba. Tonton Rashidi alisimama pale, futi shingoni, jasho likimtoka. Baadaye nilijua kwamba Kavira alimweleza baba yake dukani habari za siku yangu kama kichekesho, na baba yake ndiye aliyemuuzia tonton vitambaa. Alikuja kunichukua. Prof Lotika alimwona pia, akamsogezea kiti. Hakukaa. Nilijua kwamba nikinyamaza nimekwisha, kwa hiyo niliongeza sauti, ingawa nilitetemeka mpaka sketi ikatikisika. "Feruzi bin Abdallah," nilisema. "Saidi bin Hamisi. Habiba binti Saidi..."

"Hapana." Alikuwa tonton. Alikuwa ameingia hatua mbili ndani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechomwa na sindano yake mwenyewe. "Umeruka mutu."

Darasa zima liligeuka. Mimi sikuelewa.

"Tausi," alisema. "Baada ya Feruzi ni Tausi. Tausi hakuzaa. Hana mutoto, hana mujukuu, hana mutu wa kumusomea isipokuwa sisi. Unamurukaje?" Akapangusa uso kwa ncha ya futi. Nadhani hapo ndipo alipoona alipo, mbele ya watoto arobaini, akiwa amelitamka jina ambalo alikuja kulizuia. Angeweza kunishika mkono na kuondoka. Lakini alikuwa amekaa kwenye mikeka ile akiwa mtoto, kama mimi, na sheria ile ilikuwa imemwingia mifupani kabla ya hadithi ya pwani. Alisema kwa sauti ya chini, karibu ya hasira, "Anza upya."

Nikaanza upya, kwa amri ya mtu aliyenikataza. Niliwasoma wote, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, naye alisimama mpaka nikamaliza, midomo yake ikitembea pamoja na yangu. Kisha akaenda zake. Prof Lotika alikuwa ametupa mgongo, akiutazama ubao mtupu. Alipogeuka alichukua chaki, akaniambia niseme tena, polepole, naye akayaandika majina yale juu ya ule weusi mpya kwa mwandiko wake mzuri. Halafu akaliambia darasa lile neno walilolisubiri kila siku bila kulifikiria: "Andikeni." Kalamu zikaanza kukwaruza. Dieudonné aliandika. Kavira aliandika, na akaniuliza kwa kunong'ona kama Tausi inaandikwa kwa herufi kubwa. Nimesikia maneno mengi maishani mwangu, lakini sijui sauti iliyonitia baridi ya mwili kama ile ya kalamu arobaini zikimwandika mwanamke asiye na mjukuu.

Jioni, tonton alipomaliza kula na kunawa, alisema, bila kunitazama, kwamba kushona nitajifunza wakati wa likizo. Hakuisimulia tena hadithi ya pwani mbele yangu, na sikumwona akipungukiwa na kitu msikitini kwa hilo. Mungu amrehemu. Alipokufa, mimi ndiye niliyeunganisha kipande kipya cha karatasi na kumwandika, na anayefuata nyuma yake ni bibi mwenyewe, Mwamini, aliyetuzika wote moyoni kabla hatujamzika.

Nilisoma, nikawa prof mwenyewe. Nilifundisha historia, jiografia na uraia katika mji huu zaidi ya miaka thelathini, na namshukuru Mungu kwa kila saa yake, hata zile ambazo hatukulipwa, hata zile ambazo kuta zilikuwa na matundu ya risasi na nilifundisha haki za raia huku tukiwa tumekaa sakafuni chini ya usawa wa dirisha. Kila mwaka, mwaka wa nne, niliwaimlia wanafunzi wangu majina yale, na kila mwaka nikawatuma kuuliza nyumbani. Walirudi na mambo mazito. Watoto wa vijiji vya Yahuma, watoto wa mjini, watoto wa wale wa Butembo, kila mmoja na mtu wake aliyetengewa kipande cha samaki. Na walikaa benchi moja baada ya kuyasema.

Leo mjukuu wangu Mariamu yuko mwaka wa nne katika shule ile ile. Mwezi uliopita nilifungua daftari lake. Habari za mji wetu zilikuwa mistari mitatu: Waarabu walikuja, wakachukua watu, wakafukuzwa. Nikamuuliza saa nyingine za historia wanafanya nini. Akaniambia zimepewa kompyuta. Nikafurahi, nikamuuliza zipo ngapi. Akasema hakuna hata moja, umeme wenyewe haufiki darasani. Mwalimu huchora vitufe ubaoni kwa chaki, na wao hupita mmoja mmoja kuvibonyeza kwa kidole. Sikucheka. Sipingi kompyuta. Zikija nitakuwa wa kwanza kuzifuta vumbi. Lakini siku hizi mitaani kwetu watu wanaulizana wewe ni wa wapi hasa, na wengine wameuawa kwa jibu lao, na kamati ya wazazi imepanga kuiondoa hata ile saa moja iliyobaki ambayo ingewafundisha watoto kwamba hakuna aliye wa mahali pamoja tu.

Nilikwenda kwenye mkutano wao Jumamosi iliyopita. Ulifanyika darasani, chini ya vitufe vya chaki. Mkuu wa shule, tunayemwita prefe, ni kijana mpole, niliyemfundisha mwenyewe. Alifungua faili lake, akasoma maneno mengi kuhusu wakati ujao, akamaliza kwa kuuliza kama kuna neno. Niliinuka na fimbo yangu. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilitetemeka mbele ya ubao kwa woga. Sasa natetemeka kwa uzee tu, na tofauti yake ni kubwa. Nilisema sina hotuba, nina watu wa kuwataja, wa kwanza kuimliwa katika shule hii kwa somo hilo wanalotaka kulifuta, na kwamba kwetu msomaji akikatizwa huanza upya. Nikaanza.

Kwenye jina la tisa, mzee mmoja wa kamati alisema, "Mama, tunakuheshimu sana, lakini muda inaisha." Nikarudi mwanzo. Kwenye la ishirini, mwingine akaniomba nifupishe. Nikarudi mwanzo. Jua liliingia dirishani, mama mmoja akafungua kitambaa akaanza kula kwanga yake ya muhogo, na wengine wakaacha kutazama saa. Nilifika katikati. Feruzi bin Abdallah, nilisema. Saidi bin Hamisi. Habiba binti Saidi.

Hapo prefe, faili lake mkononi, akainamisha kichwa kama mwanafunzi. "Prof," alisema taratibu, "umemruka Tausi."

Wapo wanaosema nilimruka makusudi. Mungu ndiye ajuaye yaliyomo vifuani. Mimi nilimshukuru, nikangoja akae, akalifunga faili lake na kukaa, nami nikarudi kwenye jina la kwanza.